Kuzijua mila za Wajerumani safarini na katika sherehe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi kusini mwa Ujerumani. Kila mwaka Septemba ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki wanaotaka kuja kuona "utamaduni wa Kijerumani", na karibu wote huanza na Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia ya jiji la München (Munich). Nimekusanya hapa maswali yao na majibu yangu. Ninachowasihi wasafiri ni kimoja: msiishie kwenye sherehe kubwa. Mila za nchi hii zinakaa vijijini na katika miji midogo, na kila bonde linajivunia kitu ambacho bonde la jirani halina.

Utamaduni wa Kijerumani si ndio ule wa suruali za ngozi na bia?

Huo ni wa Bavaria na maeneo ya milimani kusini, na jirani zao wa Austria wanao pia. Mtu wa Hamburg, kaskazini, anaweza kuzeeka bila kuivaa Lederhose hata siku moja. Ujerumani iliungana kuwa dola moja mwaka 1871 tu. Kabla ya hapo zilikuwa falme, himaya za watawala wadogo na miji huru, kila mmoja na sheria zake, lahaja yake na mkate wake. Halafu kuna dini. Maeneo ya Wakatoliki yalibaki na karnivali kabla ya Kwaresima na maandamano ya watakatifu, wakati sehemu nyingi za Waprotestanti ziliziacha. Ndiyo maana Jumatatu ile ambayo Köln nzima iko barabarani ikicheza ngoma, Hamburg watu wako kazini kama kawaida.

Kwa nini Oktoberfest huanza Septemba?

Kwa sababu ya baridi. Sherehe ya kwanza ilikuwa ya harusi: tarehe 12 Oktoba 1810 mrithi wa ufalme wa Bavaria, Ludwig, alimwoa Therese wa Saxe-Hildburghausen, na siku tano baadaye kukawa na mbio za farasi kwenye uwanja nje ya kuta za mji wa München. Uwanja ukapewa jina la bibi harusi, Theresienwiese, na hadi leo wenyeji wanaiita sherehe yenyewe "Wiesn". Watu walipenda, wakarudia mwaka uliofuata, na baadaye tarehe zikasogezwa nyuma ili kuufaidi ukavu na joto la mwisho wa Septemba. Siku hizi huanza Jumamosi ya katikati ya Septemba au baada yake kidogo, na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Saa sita kamili mchana meya wa jiji hugonga bomba kwenye pipa la kwanza katika hema la Schottenhamel na kutamka "O'zapft is!", yaani limeshatobolewa. Kabla ya hapo hakuna anayemiminiwa bia.

Naweza kuingia bila kuhifadhi meza? Na kama sinywi pombe?

Uwanjani unaingia bure. Kwenye mahema nako hakuna kiingilio, ila meza nyingi huhifadhiwa miezi mingi kabla na makundi ya watu. Sehemu ya viti huachwa kwa wanaofika tu, kwa hiyo nenda siku ya kazi, asubuhi au mapema mchana. Jumamosi jioni utabaki mlangoni. Usibebe begi kubwa, kwani mwisho wa ujazo unaoruhusiwa ni lita 3.

Bia inayouzwa ni ya viwanda sita tu vya München na huja katika kikombe cha lita moja kiitwacho Maß. Mwaka 2025 bei yake katika mahema makubwa ilivuka Euro 14. Asiyekunywa haoni shida: kuna maji, juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, na soda ya chungwa na kola iitwayo Spezi, ambayo Wabavaria wenyewe wanaipenda sana. Kama una watoto au wazazi wazee, nenda moja kwa moja kwenye kona iitwayo Oide Wiesn, mwaka ikiwepo. Kiingilio chake ni kidogo, bembea zake ni za kizamani, na muziki wake ni wa tarumbeta ambao mtu anaweza kuzungumza huku unapigwa.

Dirndl, lile gauni la kienyeji lenye aproni, ni lazima? Mgeni akivaa atachekwa?

Si lazima, na hakuna atakayekucheka, mradi uvae nguo yenyewe na si vazi la plastiki la dukani karibu na stesheni. Wenyeji wanaona uchungu vazi lao likifanywa kichekesho. Angalia tu fundo la aproni: likiwa kushoto maana yake huna mwenzi, kulia una mwenyewe. Nyuma hufungwa na wajane na wahudumu. Naona watu wa pwani, waliozoea kusoma maandishi ya kanga ya mwenzao kabla ya kumsalimia, hawatasumbuka kuielewa lugha hiyo.

Kuna sherehe kubwa kama hiyo yenye asili ya wakulima?

Ipo, na mimi naipenda kuliko ya München: Cannstatter Volksfest, jijini Stuttgart, mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba.

Hadithi yake inaanzia Indonesia. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka, na majivu yake yakafunika anga kiasi kwamba mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mvua haikukatika, nafaka ikaozea shambani, na katika ufalme wa Württemberg, uliotawaliwa kutoka Stuttgart, watu wakafa njaa. Katikati ya balaa hilo akatawazwa mfalme mpya, Wilhelm wa Kwanza, pamoja na mkewe Katharina, dada wa mfalme wa Urusi. Katharina alipanga misaada kwa maskini na kuanzisha benki ya akiba. Mwaka 1818, mavuno yaliporudi, mfalme akafungua shule ya kilimo huko Hohenheim, ambayo leo ni chuo kikuu, na akaitisha sikukuu ya wakulima pale Cannstatt, siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa. Mfugaji mwenye mnyama bora alipewa zawadi ili wengine waone na waige. Anayekumbuka viwanja vya Nane Nane, na mafahali wake waliooshwa wakang'aa, ataelewa mara moja mfalme alikuwa anatafuta nini.

Leo kuna mahema, bia na magurudumu makubwa ya kuzunguka kama kwingine. Lakini katikati ya uwanja inasimama nguzo ndefu iliyopambwa kwa nafaka, maboga na matunda, Fruchtsäule. Wengi hupiga picha chini yake bila kujua kwamba ni shukrani ya watu walioonja njaa. Wewe sasa unajua.

Nataka kuona kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Niende wapi?

Nenda Allgäu, eneo la milimani kusini, mwezi Septemba, ukaone ng'ombe wakishuka mlimani. Pale wanaiita Viehscheid, na kwingine kwenye Alpi huitwa Almabtrieb.

Kwenye maeneo hayo mifugo, hasa mitamba, hupandishwa malishoni juu mwanzoni mwa kiangazi, na wachungaji hukaa nayo huko kwa takriban siku 100. Baridi ikianza kunukia, kundi zima hushushwa kwa siku moja. Unasimama kando ya barabara ya kijiji na husikii kitu. Kisha, mbali, unasikia mvumo kama wa mvua ya mawe juu ya bati. Ni kengele. Kila ng'ombe amevalishwa kengele ya siku kuu, nyingine kubwa kama ndoo, na zinapofika karibu unazisikia kifuani kuliko masikioni. Wazee wanasema kelele hiyo ilikuwa ya kufukuza pepo wabaya njiani.

Mbele hutangulia ng'ombe mmoja aliyevikwa taji kubwa la maua na majani ya milimani, lenye msalaba na kioo. Taji hilo lina sharti. Kama kiangazi hicho kundi lilipoteza mnyama kwa ajali, au mchungaji alifariki, hakuna ng'ombe anayevishwa. Wanashuka hivyo hivyo, na kijiji kinaelewa bila kuambiwa. Mwaka mmoja niliona kundi likipita bila taji. Watu waliokuwa wakipiga makofi walinyamaza, wanaume wakavua kofia.

Chini kwenye uwanja mifugo hutenganishwa, kila mwenye wake akachukua wake, ndiyo maana ya neno Scheid. Baada ya hapo ni chakula na muziki. Bad Hindelang na Oberstdorf wanajulikana zaidi, na Oberstdorf inafikika kwa treni. Makundi huanza kupita asubuhi, kwa hiyo lala huko huko usiku wa kuamkia. Mfugaji wa Kimasai au wa Kisukuma akisimama pale atakuwa na mengi ya kuulizana na wenyeji. Nao, nimeona, hufurahi sana kukutana na mtu anayeangalia ng'ombe badala ya kamera.

Karnivali ni ya Köln tu?

Köln ndiyo yenye jina. Msimu hufunguliwa tarehe 11 Novemba saa 5 na dakika 11 asubuhi, kisha hupoa hadi wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima. Alhamisi ya wiki hiyo ni ya wanawake, nao hukata tai za wanaume kwa mkasi, kwa hiyo usivae tai unayoithamini. Jumatatu kuna maandamano makubwa ambayo yamepangwa tangu 1823. Peremende na maua hurushwa kutoka kwenye magari, na watu hujibizana "Kölle Alaaf!" Ukiwa Mainz au Düsseldorf sema "Helau". Kuchanganya maneno hayo mawili ni kosa ambalo mgeni husamehewa mara moja tu.

Ila kusini-magharibi kuna karnivali nyingine, Fasnet, na hiyo ndiyo iliyonishika. Nenda Rottweil. Jumatatu hiyo, saa mbili kamili asubuhi, kukiwa na baridi ya kukata masikio, watu waliovaa vinyago vya mbao wanatokea chini ya lango la kale liitwalo Schwarzes Tor na kuteremka mtaani wakiruka, miili yao imefungwa njuga nzito. Kinyago ni cha kuchonga kwa mkono, hurithiwa kutoka kwa babu, na uvaaji wake una kanuni zinazosimamiwa na chama cha mji. Baadhi yao hubeba kitabu chenye michoro ya vituko vya mwaka mzima: nani alianguka na baiskeli akitoka baa, nani alisahau harusi ya binti yake. Humsimamisha mhusika njiani na kumsomea mbele ya watu, naye hana ruhusa ya kukasirika. Kwetu ule ni utani, kama wa makabila yanayotaniana hata msibani, na kazi yake ni ile ile ya kusema ukweli bila kuvunja udugu.

Jumanne usiku kila kitu huisha. Jumatano ya Majivu vinyago vimerudi sandukuni.

Masoko ya Krismasi yanafaa kusafiri kwa baridi ile?

Yanafaa. Hufunguliwa wiki ya Majilio, mwishoni mwa Novemba, na mengi hufungwa kabla au ifikapo mchana wa tarehe 24 Desemba. Wengi hukosea hapa, wanakuja kati ya Krismasi na mwaka mpya na kukuta viwanja vitupu.

La Dresden, Striezelmarkt, lipo tangu 1434 na linajulikana kwa Stollen, mkate mzito wa zabibu kavu na siagi. La Nürnberg hufunguliwa na Christkind, binti aliyevaa dhahabu na taji ambaye husoma shairi kutoka roshani ya kanisa la Frauenkirche. Kote utanusa mdalasini na karafuu, kwani mvinyo wa moto, Glühwein, hauchemshwi bila karafuu. Wasiokunywa huagiza Kinderpunsch, yenye viungo hivyo hivyo lakini haina pombe. Kikombe unakilipia dhamana, na ukikirudisha unarudishiwa pesa yako.

Ukiwa na siku mbili za ziada, panda hadi milima ya Erzgebirge, kijiji cha Seiffen. Wachimbaji wa bati wa huko waligeukia kazi ya mbao migodi ilipodorora, na wajukuu wao hadi leo wanachonga askari wa kupasua karanga, malaika na matao ya mishumaa ya kuweka dirishani. Mtu aliyeshuka mgodini kabla ya kupambazuka na kutoka jua likiwa limezama alikuwa na sababu ya kupenda taa dirishani.

Kuna sherehe zisizofanyika kila mwaka?

Mbili ni za kupanga mapema. Mji wa Landshut huigiza harusi ya mwaka 1475 ya Georg, mwana wa mtawala wa huko, na Hedwig, binti wa mfalme wa Poland, kila baada ya miaka minne. Ilifanyika 2023, inayofuata ni 2027. Na Oberammergau, kijiji cha Bavaria, huigiza mateso ya Kristo kila baada ya miaka kumi, kwa nadhiri waliyoweka mwaka 1633 ili tauni iwaondokee. Waigizaji ni wanakijiji tu: lazima uwe umezaliwa pale au umeishi hapo miaka 20. Lile la 2020 liliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya Korona. Linalofuata ni 2030, na makundi ya parokia huanza kununua tiketi mapema sana.

Nitakuja na watoto. Waone nini?

Jioni za kuzunguka tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, askari aliyekata joho lake na kumpa maskini nusu. Watoto hutembea gizani na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe, wakiimba nyuma ya mpanda farasi. Haina kiingilio na haina tangazo. Uliza shule au kanisa la jirani.

Na mkiwapo msimu wa kufungua shule, mwishoni mwa kiangazi, mtaona watoto wa darasa la kwanza wamekumbatia koni kubwa la karatasi lililojaa peremende na kalamu, Schultüte. Wengi hushangaa nikiwaambia neno letu "shule" ni Schule yao, na "hela" ni Heller, senti zilizotumika Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1904.

Nami sili nguruwe. Nitakula nini?

Hapa uwe macho, maana nguruwe yumo hata asipoonekana, ikiwemo mafuta yake kwenye baadhi ya mikate ya Brezel. Uliza: "Ist da Schweinefleisch drin?" Salama zaidi ni Käsespätzle, tambi fupi za mayai zilizopikwa na jibini, chapati za viazi na mchuzi wa tofaa (uliza kama zimekaangwa kwa mafuta ya mimea), samaki mzima wa kuchoma kwenye mti, na lozi zilizokaangwa na sukari. Kuku wa kuchoma yupo kila mahali, lakini kwenye mahema usitegemee kwamba amechinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Kwa hilo nenda migahawa ya Waturuki, haikosekani katika mji wowote wa maana.

Viza na usafiri je?

Viza ya Schengen ya matembezi hukupa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ada ya mtu mzima ni Euro 90, bima ya afya iwe ya angalau Euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anza mapema, kwani miadi hujaa.

Kwa treni, tazama Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa Euro 49 kwa mwezi, na tangu Januari 2026 ni Euro 63. Inakubeba kwenye treni zote za mikoa na mabasi ya miji nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo kasi na za masafa marefu. Ni ya kujiandikisha, na usipoisitisha kabla ya tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata utakatwa tena.

Jumapili maduka yamefungwa kweli?

Karibu yote. Nunua chakula Jumamosi.

Nikiwa mtu mweusi, nitapokelewaje?

Sitakudanganya. Utakodolewa macho vijijini, na mara nyingi ni udadisi tu. Salamu ya kwanza ikitoka kwako, "Grüß Gott" kusini au "Moin" kaskazini, hali hubadilika. Ubaguzi upo pia, na jioni yenye pombe nyingi si mahali pa kujibizana, ondoka. Mwaka 2019 Christkind wa Nürnberg alikuwa msichana ambaye baba yake ana asili ya India. Alitukanwa mtandaoni, na jiji likasimama naye. Nchi hii ina pande zote mbili hizo. Kwenye baadhi ya sherehe bado unaweza kumwona mtu aliyejipaka uso rangi nyeusi. Wengi wameacha, na una haki ya kusema kwamba imekuumiza.

Je, si vibaya kufurahia mila za waliotutawala?

Mjomba wangu, mwenyeji wa Ruvuma, aliniuliza hivyo, nami sikumjibu haraka. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliacha njaa na makaburi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha. Mimi naona mchungaji wa Allgäu na gavana wa kikoloni si mtu mmoja, lakini safari isiyogusa historia hiyo ina pengo. Ukipita Berlin ingia Museum für Naturkunde, ukasimame chini ya dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vipande vipande na wapagazi hadi baharini. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mpeleke mtoto, mwambie ametoka kwetu.

Sijui Kijerumani. Neno gani moja nijifunze?

Sentensi moja: "Ist hier noch frei?" Maana yake, hapa bado kuna nafasi? Kwenye mahema, kwenye bustani za bia na kwa wakulima wa zabibu wanaofungua nyumba zao kwa wiki chache na kutundika ufagio mlangoni kama ishara, meza ni ndefu na hazina mwenyewe. Mjerumani hatakuita uje, hiyo si desturi yake. Lakini ukiuliza hivyo atasogea, atakupa nafasi, na glasi yako ikifika atakuangalia machoni mgonganishe. Nawe mwangalie machoni. Asipoangaliwa huona umemdharau.